Kuvumiliwa na Kuvumiliana: Dini Tatu katika Tamthilia ya Lessing, "Nathan der Weise"

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili amezoea kukutana na Myahudi wa jukwaani katika sura ya Shylock. Tangu Julius K. Nyerere alipoitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, wanafunzi wengi wa shule na vyuo vyetu wamemfahamu mkopeshaji yule anayedai ratili moja ya nyama ya mdeni wake. Mwisho wa mchezo ule Shylock anashindwa mahakamani, ananyang'anywa sehemu ya mali yake, tena anashurutishwa kuingia katika Ukristo. Aghalabu wahakiki hulipita upesi sharti hilo la mwisho. Lakini yafaa tutue hapo kidogo, kwa sababu wahusika wanaomshurutisha wanaamini kwamba wanamtendea huruma. Hawaoni kwamba imani ya mtu ni kitu ambacho hakimu hana mamlaka ya kukigusa.

Miaka ipatayo 180 baadaye, mwaka 1779, palichapishwa nchini Ujerumani tamthilia nyingine ambayo mhusika wake mkuu ni mfanyabiashara wa Kiyahudi. Mtunzi wake alikuwa Gotthold Ephraim Lessing, na jina lake ni Nathan der Weise, yaani Nathan Mwenye Hekima. Safari hii Myahudi ndiye mwalimu, na anayefundishwa ni Sultani. Tamthilia hii imehesabiwa kuwa kilele cha fikra za uvumilivu wa kidini katika Zama za Mwangaza, yaani kile kipindi cha karne ya 18 ambapo wanafikra wa Ulaya walidai kwamba akili ya binadamu, wala si amri ya kanisa au ya mfalme, ndiyo iwe kipimo cha yale yapasayo kuaminiwa.

Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba sifa hiyo, ijapokuwa ni ya haki, imeegemezwa mno juu ya sehemu moja tu ya mchezo, nayo ni hadithi ya pete tatu. Tukiisoma tamthilia nzima tutaona kwamba Lessing alikuwa akipambana na tofauti ambayo sarufi ya Kiswahili yaibainisha vizuri sana: tofauti baina ya kuvumiliwa na kuvumiliana.

Neno lenyewe

Kitenzi vumilia huchukua shamirisho ya jambo zito. Mtu huvumilia njaa, maumivu, dhiki au maneno makali. Methali isemayo kwamba mvumilivu hula mbivu yatukumbusha kwamba anayevumilia yuko katika taabu na anangoja taabu hiyo ipite. Hali ni hiyo hiyo katika Kilatini, ambamo neno tolerare lilikuwa na maana ya kubeba au kustahimili mzigo, na katika Kijerumani, ambamo neno Duldung limetokana na kitenzi cha kuteseka na kustahimili. Kwa hiyo anayesema kwamba anaivumilia dini ya mwenzake amekwisha kusema, pengine bila kukusudia, kwamba dini ile ni mzigo kwake. Goethe, aliyekuwa kijana katika siku za Lessing, alikuja kuandika kwamba uvumilivu wapaswa kuwa hali ya kupita tu ielekeayo kwenye kumkubali mwenzio, kwani kumvumilia mtu ni kumtusi.

Katika kauli ya kutendwa, uzito wa neno hili waonekana zaidi. Anayevumiliwa yuko chini ya hiari ya mwingine, na hiari iliyotolewa yaweza kuondolewa. Kauli ya kutendana hubadili mambo, maana kila mmoja huwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Tofauti hiyo si mchezo wa viambishi tu. Katika Ulaya ya karne ya 18 ilikuwa tofauti baina ya fadhila na haki.

Jukwaa kabla ya Nathan

Nchini Ufaransa, Waprotestanti walikuwa wamenyimwa haki ya kuabudu tangu Mfalme Louis wa 14 alipoifuta Amri ya Nantes mwaka 1685. Mwaka 1762 Jean Calas, mfanyabiashara Mprotestanti wa mji wa Toulouse, aliuawa kwa hukumu ya mahakama, akituhumiwa kwamba alimuua mwanawe ili kumzuia asiingie katika Ukatoliki. Voltaire aliipigania kesi hiyo, akatoa kitabu chake juu ya uvumilivu mwaka 1763, na mwaka 1765 Calas akatangazwa kuwa hakuwa na hatia. Kwa watu wa zama zile, basi, uvumilivu wa kidini haukuwa mada ya mjadala wa vyuoni tu. Ulikuwa suala la nani aishi na nani afe.

Voltaire alikuwa pia mtunzi mashuhuri wa tamthilia. Katika Zaïre, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1732, twamwona msichana aliyetekwa angali mchanga na kulelewa katika jumba la Orosmane, Sultani wa Jerusalem. Mapema kabisa msichana huyu anatambua kwamba dini ya mtu hutokana na malezi yake. Siku anayokaribia kuolewa na Sultani, anagundua kwamba baba yake ni Mkristo mfungwa, naye baba anamtaka aape kurudi katika dini ya wazazi wake. Msichana anakutana na kaka yake kwa siri. Sultani anadhani kwamba huyo ni mpenzi, anamuua msichana, kisha anajiua mwenyewe. Dini zimekutana katika nyumba moja, na nyumba imebomoka.

Tamthilia nyingine ya Voltaire, Mahomet, iliyoonyeshwa kwanza mjini Lille mwaka 1741, yatupa funzo la namna nyingine. Mtunzi alikusudia kuushambulia ushupavu wa kidini popote ulipo, na wakuu wa dini wa Paris walitambua kwamba mshale uliwaelekea wao, hata mchezo ukaondolewa jukwaani mwaka 1742 baada ya maonyesho machache. Hata hivyo, ili kuupiga ushupavu wa kwao, Voltaire alimsingizia Mtume wa dini ya watu wengine ulaghai na mauaji ambayo historia haimjui nayo. Hapa kuna upofu ambao hatuna budi kuutaja. Yawezekana mtu kuhubiri uvumilivu huku akiwafanya waumini wa dini nyingine kuwa vinyago vya kuchezea ugomvi wa nyumbani kwake.

Lessing alichukua njia nyingine. Mwaka 1754 alichapisha andiko la kumtetea Cardanus, mwanachuoni wa Italia wa karne ya 16. Ndani yake alimlaumu Cardanus kwa kutoupa Uislamu na Uyahudi nafasi ya haki ya kujieleza, kisha akampa Mwislamu wa kubuni nafasi ya kuitetea dini yake kwa hoja za akili. Mwaka huo huo alichapisha mchezo mfupi wa kuchekesha alioutunga mwaka 1749, Die Juden, yaani Wayahudi. Katika mchezo huo msafiri anamwokoa kabaila mikononi mwa wanyang'anyi. Kabaila anasadiki kwamba wanyang'anyi wale walikuwa Wayahudi, kwa kuwa walikuwa na ndevu. Baadaye yafunuliwa kwamba ndevu zilikuwa za bandia, na waliozivaa ni watumishi wake mwenyewe, Wakristo. Kabaila anataka kumwoza mwokozi wake binti yake, na hapo msafiri anatamka kwamba yeye ni Myahudi. Ndoa haiwezekani. Wanaagana kwa heshima, na sheria inabaki pale pale ilipokuwa.

Johann David Michaelis, mwanachuoni wa Göttingen, aliupinga mchezo huo kwa hoja kwamba Myahudi mwenye tabia njema kiasi kile si rahisi kusadikika. Lessing alimjibu kwa kuchapisha barua ya Myahudi kijana wa Berlin aliyeumizwa na maneno hayo. Kijana huyo alikuwa Moses Mendelssohn, aliyezaliwa mwaka 1729 kama Lessing mwenyewe. Walikutana mwaka 1754, na inasimuliwa kwamba mchezo wa sataranji ndio uliowaleta pamoja. Urafiki wao ulidumu mpaka kifo cha Lessing.

Habari za Mendelssohn zatufafanulia vizuri maana ya kuvumiliwa. Kwa mujibu wa sheria ya Prussia ya mwaka 1750, Wayahudi waligawanywa katika madaraja, na kila daraja lilikuwa na idhini yake ya kukaa. Mendelssohn, ambaye vitabu vyake vilisomwa kote Ujerumani, alipewa idhini ya kukaa Berlin mwaka 1763, lakini idhini hiyo ilikuwa yake peke yake, wala haikuwafikia watoto wake. Mwaka 1771 wanachuo wa Akademia ya Berlin walimchagua awe mwenzao, na Mfalme Friedrich wa Pili hakuthibitisha uchaguzi huo. Mfalme huyo ndiye aliyesifiwa kwa kuachia kila mtu atafute wokovu kwa njia yake.

Mimbari iliyobaki

Kutoka mwaka 1770 Lessing alikuwa mkutubi wa maktaba ya mtawala wa Braunschweig, katika mji wa Wolfenbüttel. Baina ya mwaka 1774 na 1778 alichapisha sehemu za maandishi ya marehemu Hermann Samuel Reimarus wa Hamburg, bila ya kulitaja jina la mwandishi. Maandishi hayo yalitilia shaka miujiza na habari za ufufuo. Lessing hakuyakubali yote, ila alishikilia kwamba yapasa yajadiliwe hadharani. Johann Melchior Goeze, mchungaji mkuu wa Hamburg, alimshambulia vikali, na Lessing akamjibu katika mwaka 1778 kwa vijitabu 11. Mnamo Julai mwaka huo mtawala aliingilia kati: Lessing akanyang'anywa ruhusa ya kuchapisha bila kukaguliwa, na mjadala ukakatazwa.

Mwaka ule ule ulikuwa umeanza kwa msiba. Mwanawe wa pekee alizaliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1777 na hakuishi zaidi ya siku moja. Mkewe, Eva, akafuata tarehe 10 Januari 1778. Ni mtu aliyefiwa hivyo, tena aliyefungwa mdomo, aliyemwandikia Elise, binti wa Reimarus, kwamba angejaribu kuona kama wataachia ahubiri katika mimbari yake ya zamani, yaani jukwaa la michezo. Matokeo yake ni tamthilia ya vitendo vitano, iliyotungwa kwa mistari isiyo na vina, yenye mapigo matano, na iliyochapishwa kwa fedha za wasomaji walioiagiza kabla haijatoka.

Hadithi ya pete na mazingira yake

Mandhari ni Jerusalem, wakati wa Vita vya Tatu vya Msalaba. Sultani Salahuddin, aliyeutwaa mji mwaka 1187, anahitaji fedha. Dada yake, Sittah, anamshauri amwite Nathan, tajiri wa Kiyahudi, na kumtega kwa swali gumu: katika dini tatu, ipi ni ya kweli? Akisema Uyahudi, amemtukana Sultani. Akisema Uislamu, ataulizwa kwa nini basi hasilimu. Nathan, aliyekuja akitarajia kuombwa mkopo, anaulizwa kuhusu kweli. Anajiokoa kwa hadithi.

Palikuwa na mtu wa mashariki aliyekuwa na pete yenye uwezo wa kumfanya mvaaji apendwe na Mungu na wanadamu, maadamu aivaa kwa imani hiyo. Pete ilirithishwa kwa mwana aliyependwa zaidi, kizazi hata kizazi, mpaka ikamfikia baba aliyewapenda wanawe watatu sawasawa. Baba huyo alimwagiza sonara atengeneze pete mbili za kufanana na ile, akampa kila mwana yake, akafa. Wana wakagombana, wakaenda kwa hakimu. Hakimu aliwauliza: kwa kuwa pete ya kweli huleta mapendo, ni nani kati yenu anayependwa zaidi na wenzake wawili? Wakanyamaza. Basi, akasema, huenda nyote mmedanganyika, na huenda pete ya asili ilikwisha kupotea. Kila mmoja na aamini kwamba yake ndiyo ya kweli, na ashindane na wenzake kuudhihirisha uwezo wake kwa upole, wema na kumcha Mungu. Baada ya maelfu kwa maelfu ya miaka, hakimu mwenye hekima zaidi atakikalia kiti kile.

Lessing hakuibuni hadithi hii. Aliichukua katika Decameron ya Boccaccio, kitabu cha karne ya 14, ambamo pia Salahuddin anamtega tajiri wa Kiyahudi kwa kuhitaji fedha zake. Lakini mabadiliko aliyoyafanya ndiyo yenye maana. Katika Boccaccio pete ni pambo la thamani tu, haina uwezo wowote, wala hakuna hakimu. Lessing aliongeza uwezo wa kupendwa, na kwa njia hiyo akaihamisha kweli ya dini kutoka katika hati za urithi na kuitia katika matendo. Aliongeza pia hoja ya historia. Nathan anasema kwamba dini zote zimejengwa juu ya habari zilizopokewa, na habari hupokewa kwa kuaminiana. Tutamwamini nani kama si watu wetu waliotulea na kutupenda tangu utotoni? Na kama mimi nawaamini wazee wangu, nitakudaije wewe uwakadhibishe wako? Hapa ndipo kauli ya kutendana inapoingia. Nathan hamwombi Sultani amvumilie. Anamwonyesha kwamba imani ya Sultani imesimama juu ya msingi ule ule mmoja.

Pamoja na hayo tusisahau hali ambayo maneno haya yanatamkwa. Msemaji ni mtu aliyetegwa, mbele ya mtawala awezaye kumdhuru, na mara amalizapo anatoa mwenyewe fedha zile zilizokusudiwa. Sultani ameguswa kweli, ameomba urafiki. Lakini haki ya Nathan ya kubaki Myahudi siku ile imetegemea ufasaha wake. Je, Myahudi asiye na hekima, wala mali, wala hadithi, angefanya nini?

Swali la Patriaki

Jibu la swali hilo limo katika kitendo cha nne. Recha, anayejulikana kuwa binti wa Nathan, ameokolewa motoni na askari kijana wa shirika la Hekalu, ambaye maisha yake yalisazwa na Salahuddin kwa sababu anafanana na marehemu ndugu yake, Asad. Kijana anampenda Recha, kisha anaambiwa na Daja, mlezi wa binti huyo, kwamba Recha alizaliwa Mkristo na Nathan alimlea tu. Kwa hasira na mashaka anamwendea Patriaki wa Jerusalem na kumuuliza, bila kutaja majina, Myahudi wa namna hiyo afanyweje. Jibu ni kuchomwa moto. Kijana anasema kwamba pengine mtoto angekufa kwa dhiki kama asingechukuliwa. Patriaki hajali: heri angekufa. Kijana anasema kwamba yasemekana binti hakufundishwa dini ya Kiyahudi, ila yale tu ambayo akili yamtaka mtu ajue juu ya Mungu. Patriaki anaona kwamba kosa hilo ni baya zaidi.

La kutisha zaidi ni msingi wa madai yake. Patriaki anasema kwamba atamwendea Sultani mwenyewe, kwa sababu katika mkataba aliouapia Sultani ameahidi kuwalinda Wakristo katika haki zao na mafundisho yao yote. Yaani ile fadhila ya Sultani ya kuwavumilia Wakristo inageuzwa kuwa kuni za kumchomea Myahudi. Huu ndio udhaifu wa kuvumiliwa. Kila jamii inapewa idhini yake kutoka juu, kila moja inailinda ya kwake, wala hakuna inayowajibika kwa nyingine.

Jibu la Nathan kwa Patriaki hatulisikii mbele ya Patriaki. Twalisikia anapozungumza na bruda mnyenyekevu ambaye miaka 18 iliyopita, akiwa mtumishi wa farasi, ndiye aliyemletea yule mtoto. Siku chache kabla ya hapo, Wakristo walikuwa wamewaua Wayahudi wote wa Gath, pamoja na wanawake na watoto. Mke wa Nathan na wanawe saba waliteketea ndani ya nyumba ya ndugu yake. Siku tatu alikaa katika majivu, akilia, akiulaani ulimwengu, akiapa kuuchukia Ukristo milele. Kisha akili ikamrudia taratibu, na ndipo mtumishi akaja na mtoto wa Kikristo amefungwa katika joho. Akamchukua, akamshukuru Mungu kwamba kwa saba amerudishiwa mmoja. Lessing aliyaandika haya katika mwaka aliozika mke na mwana. Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye moyo wa tamthilia, wala si katika hadithi ya pete. Hadithi inaeleza kwamba kweli ya dini hudhihirika kwa matendo, na tukio la Gath latuonyesha tendo lenyewe pamoja na gharama yake.

Jamaa na mtu wa pembeni

Kitendo cha mwisho kinafumbua uhusiano wa wahusika. Recha na yule kijana ni ndugu wa baba mmoja, na baba huyo ni Asad, ndugu yake Salahuddin, aliyeoa Mkristo. Mwislamu na Wakristo wamekuwa ukoo mmoja. Msomaji anayekumbuka Zaïre ataona kwamba Lessing ameichukua Jerusalem ile ile, binti yule yule aliyelelewa katika dini isiyo ya wazazi wake, na kaka yule yule asiyejulikana, akaufikisha mkasa kwenye kukumbatiana badala ya mauaji.

Lakini katika ukoo huu mmoja tu hana damu: Nathan. Yeye aliyewakusanya wote hana nasaba na yeyote kati yao. Kweli, Recha anasihi asinyang'anywe baba yake, na Sultani anakiri kwamba damu pekee haimfanyi mtu kuwa baba. Hoja hiyo ni nzito, nayo yaelekea ndiyo aliyokusudia mtunzi, yaani kwamba udugu wa malezi na mapendo wapita ule wa damu. Hata hivyo pazia linashuka watu wakikumbatiana kimya, na mtunzi hakutuambia Nathan amesimama wapi.

Hitimisho

Lessing alikufa tarehe 15 Februari 1781 bila ya kuiona tamthilia yake jukwaani. Ilionyeshwa Berlin mwaka 1783, haikupata watazamaji wengi, na ilipata nguvu baada ya Schiller kuitengeneza upya kwa jukwaa la Weimar mwaka 1801. Wayahudi wa Ufaransa walipata uraia mwaka 1791, na wale wa Prussia waliongezewa haki mwaka 1812. Yaani walianza kutoka katika kuvumiliwa na kuingia katika sheria.

Kisha, mwaka 1933, Wanazi waliiondoa tamthilia hii katika majukwaa ya Ujerumani. Wasanii wa Kiyahudi waliofukuzwa kazini waliunda umoja wao wa utamaduni, na mchezo wa kwanza walioutoa, tarehe 1 Oktoba 1933 mjini Berlin, ulikuwa Nathan der Weise, kwa watazamaji wa Kiyahudi peke yao. Katika onyesho hilo, baada ya wengine kuondoka, Nathan aliachwa peke yake jukwaani. Waliisoma ile nafasi ambayo Lessing hakuijaza, wakaijaza kwa yale waliyokuwa wakiyaona. Vita vilipokwisha, jumba la Deutsches Theater la Berlin lilifungua milango yake tena Septemba 1945 kwa tamthilia hii hii. Safari hii waliobaki hai kati ya wale waliokusudiwa kutetewa nayo walikuwa wachache sana.

Wako wanaosema kwamba historia hii imeikadhibisha tamthilia. Sisi hatuoni hivyo. Historia imethibitisha kile ambacho mchezo wenyewe ulikwisha kukionyesha katika maneno ya Patriaki: fadhila ya mwenye nguvu haitoshi kuwa ngao ya mnyonge. Hadithi ya pete, ikikatwa na kusomwa peke yake, yaweza kutufanya turidhike na upole wa Sultani na kungoja hakimu wa miaka elfu ijayo. Ikisomwa pamoja na Patriaki na Gath, yatudai jambo la leo. Lugha yetu imekwisha kutupa kauli inayotakiwa, na tunapoifundisha tamthilia hii, au tunapotafuta neno la kutafsiria fikra yake kuu, tusiishie kwenye vumilia wala vumiliwa.